Masizi ndani ya mashine: Amana ya nahodha na abiria wake

Mashine ilizimika tukiwa tumeshaipa mgongo bandari ya Wete, na Fundo inaonekana mbele yetu kama mstari wa kijani uliolala juu ya maji. Hapakuwa na dhoruba wala wimbi la kutisha. Tulikuwa tumeondoka baada ya sala ya Alasiri, na ndani ya boti mlikuwa na magunia ya unga, madumu ya mafuta, wanafunzi wawili na mama mmoja aliyekuwa akimrudisha mwanawe kutoka hospitali. Nahodha, ambaye ni ami yangu, alivuta kamba ya kuwashia mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Mashine ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikanyamaza. Maji yalikuwa yanakupwa, na mkondo ukaanza kutuchukua taratibu kuelekea kwenye mlango wa bahari kuu.

"Ami, petroli ipo?" nilimuuliza.

"Ipo, mwanangu. Hebu nipe ile spana ya plagi."

Plagi ya kwanza ilitoka imelowa na nyeusi tii. Ya pili ilikuwa na chembe ndogo ya masizi iliyonasa katikati ya ncha zake mbili, mfano wa punje ya pilipili manga, na chembe hiyo ndiyo iliyozuia cheche isiruke. Ami aliifuta kwa pindo la kikoi chake, akairudisha, na mashine ikawaka kwa silinda moja, ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Tulifika Fundo adhana ya Magharibi ikiwa inakaribia. Abiria walishuka wakimshukuru Mungu, na yule mama aliniachia neno moja tu: kwamba lau mtoto angekuwa anapelekwa hospitali badala ya kurudishwa, kuchelewa kule kungekuwa habari nyingine.

Usiku ule ami alinieleza jambo ambalo hakuwaeleza abiria. Asubuhi ya siku ile aliona mashine imekosa nguvu. Akazifungua plagi, akamimina mafuta ya taa kwenye matundu yake, akaingiza kipande cha waya na kukwangua kilichokwangulika, kisha akafunga, kwa kuwa watu walikwishaanza kukusanyika pwani. Kwa hiyo ile chembe iliyotuzimisha haikuja yenyewe. Aliing'oa yeye mwenyewe kwa nia njema, akaiacha humo humo ndani.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu masizi hayo: yanatoka wapi, yanadhuru vipi, na yaondolewe namna gani bila ya kuharibu mashine wala kuhatarisha roho za watu. Fundo ni kisiwa chembamba kilicho magharibi ya Pemba, mkabala na Wete. Hapa gari si usafiri wa kumtoa mtu kisiwani. Mashine inayompeleka mjamzito hospitali, samaki sokoni na mwanafunzi mjini ni ile iliyofungwa nyuma ya boti. Hata hivyo, yale tutakayoyasema yanawahusu pia wenye magari wa Wete, Chake Chake na Mkoani, na tutawafikia.

Masizi yanatoka wapi?

Mashine nyingi ndogo za boti katika mwambao wetu ni za mapigo mawili, zile ambazo mafundi huziita tustroki. Mashine ya namna hii haina hodhi ya oili kama gari. Oili yake huchanganywa na petroli, huingia pamoja nayo, hulainisha vyuma njiani, kisha huungua pamoja nayo. Hiyo ndiyo sababu ya wepesi wake na urahisi wa kuitengeneza, na ndiyo sababu ya ugonjwa wake pia. Petroli na oili zikiungua sawasawa, kinachotoka ni moshi mwepesi. Zisipoungua sawasawa, mabaki yake huganda juu ya pistoni, ndani ya kifuniko cha silinda, kwenye mifereji ya ringi na katika matundu ya kutolea moshi. Mabaki hayo ndiyo kaboni, au masizi kwa lugha ya pwani.

Mwanzoni huwa laini kama lami. Kadiri joto linavyoyachoma siku baada ya siku, hugeuka gamba gumu. Yakijaa kwenye mifereji ya ringi, ringi hukwama na kushindwa kucheza. Ringi iliyokwama haizibi tena mwanya baina ya pistoni na ukuta wa silinda. Mgandamizo hupungua, mashine hukosa nguvu na kuwaka kwa taabu. Mara nyingine masizi huisukuma ringi kwa nje, ikaukwaruza ukuta wa silinda au kuvunjika. Gamba lililo juu ya pistoni nalo huweza kushika moto mithili ya kaa, likawasha mafuta kabla ya wakati wake, na pistoni ikatoboka. Haya hayatokei kwa siku moja. Ni deni dogo dogo ambalo mashine huliandika kimya kimya, na siku ya kulidai huwa ni baharini.

Sababu kuu ni hizi. Ya kwanza ni kipimo cha oili. Nahodha wengi huongeza oili kidogo kwa usalama, wakidhani kwamba ikizidi haidhuru. Inadhuru. Oili ikizidi, masizi huzidi, na petroli yenyewe hupungua katika kila tone linaloingia, hata mashine ikapata joto lisilo lake. Ikipungua nayo, vyuma husagana na mashine hukwama. Mwenye neno la mwisho ni kitabu cha mashine yenyewe. Mashine nyingi zilizokwisha kuzoea kazi hutumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Kwa kipimo hicho, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100, lita 10 huhitaji mililita 200, na dumu la lita 20 huhitaji mililita 400. Mililita 400 ni chupa ya maji ya nusu lita iliyopungua sehemu moja katika tano. Mashine mpya na baadhi ya mashine za zamani hutaka oili zaidi ya hiyo, ndiyo maana kitabu hakipuuzwi.

Ya pili ni aina ya oili. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari na haipati joto sawa na la pikipiki. Oili yake imetengenezwa makusudi, na kwenye chupa huandikwa alama ya TC-W3. Oili ya injini ya gari imetiwa viungo vinavyoacha majivu vinapoungua. Kwa gari viungo hivyo ni dawa, lakini kwa tustroki ya boti ni mbegu ya masizi.

Ya tatu ni mwendo wa pole usiokwisha. Mvuvi anayeiacha mashine ikinguruma polepole kwa saa nyingi huku akitandaza au kuvuta nyavu, haipi joto la kutosha kuchoma mabaki. Ya nne ni petroli iliyolala miezi kwenye dumu, ikaanza kuganda utomvu. Ya tano ni ubovu mwingine wa mashine: thamostati iliyokwama wazi na kuiacha mashine baridi, plagi zisizo za namba yake, au kabureta inayomwaga petroli kupita kiasi.

Dalili zake huonekana mapema kwa mwenye kutazama. Mashine huwaka kwa taabu, hutetemeka inapokwenda polepole, hutoa moshi mwingi, na hula mafuta zaidi kwa safari ile ile. Plagi nayo ni shahidi mkweli. Ikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, oili au petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama iliyochomwa, mashine inapata joto kupita kiasi na isiendeshwe mpaka sababu ijulikane.

Kusafisha kwa dawa

Ikiwa masizi si mengi, na mgandamizo wa silinda haujaharibika, inatosha kutumia dawa maalumu ya kuyeyusha kaboni inayouzwa kwa wauza vipuri. Fundi mwenye geji hupima mgandamizo wa kila silinda kwanza. Zikitofautiana zaidi ya kiasi cha asilimia 10 hadi 15, dawa pekee haitoshi.

Kazi hii hufanywa pwani, mahali pa wazi, siku isiyo na safari. Mashine iwe majini, au katika pipa la maji yaliyopita juu ya tundu la kufyonzea. Isiwashwe kavu hata kwa dakika moja, kwa kuwa kigurudumu cha mpira kilichomo ndani ya pampu ya maji huungua upesi sana. Ikiwa katika pipa, rafadha ivuliwe. Gia iwe huru, na kamba ya usalama ya kuzimia mashine iwe mkononi mwa anayefanya kazi. Avae miwani na glavu, na pasiwe na sigara, jiko wala kibatari karibu.

Mashine huwashwa mpaka ipate joto, na ihakikishwe kuwa tundu lake dogo la pembeni linarusha maji. Kisha dawa hupulizwa kidogo kidogo kwenye mdomo wa kila kabureta, mashine ikienda kasi kidogo kuliko ya kusimama. Mwishowe hupulizwa nyingi kwa mara moja mpaka mashine izimike yenyewe. Hapo huachwa ilowe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Dawa hutofautiana. Iko ya robo saa na iko ya kulaza usiku kucha, na kukisia si elimu.

Kabla ya kuiwasha tena, plagi hutolewa, swichi ya usalama huzimwa ili cheche zisiruke, na kamba huvutwa mara kadhaa ili maji ya dawa yaliyobaki ndani yatoke. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye hatari. Pistoni haiwezi kuyabana maji. Ikikutana nayo kwa nguvu, mkono wake hupinda. Baada ya hapo mashine huwashwa, na moshi mwingi utatoka. Wote wakae upande unaotoka upepo, na watoto wawe mbali. Kisha boti iendeshwe karibu na pwani, bila ya abiria, kwa mwendo wa kazi kwa dakika 10 hadi 20, ili yaliyolainika yachomwe na kutolewa. Mwisho, plagi mpya zifungwe. Lau ami yangu angelifika hapa, tusingelipelekwa na maji.

Kusafisha kwa kufungua

Masizi yakiwa gamba, au ringi zikiwa zimekwama, hapana budi mashine ifunguliwe, na kazi hii ni ya fundi. Ndivyo ilivyokuwa kwa ami. Fundi aliyetoka Wete alipokifungua kifuniko cha silinda, alituonesha juu ya pistoni ukoko mweusi kama wa sufuria, na kwenye ukuta wa silinda moja mkwaruzo mrefu ulioachwa na ule waya.

Fundi mzuri hutambulikana kwa zana zake. Hakwangui kwa bisibisi wala kisu, kwa sababu pistoni na kifuniko ni vya aluminiamu, chuma laini kinachoumia upesi, na kila mkwaruzo huwa kiota kipya cha masizi. Hutumia kijiti cha mbao ngumu au cha plastiki pamoja na dawa ya kulainisha. Huipandisha pistoni mpaka juu kabisa, na huupaka grisi mwanya unaoizunguka ili vumbi lisitumbukie, kisha huifuta grisi pamoja na uchafu wote. Hatumii msasa, kwani chembe zake zikibaki ndani husaga silinda. Mifereji ya ringi huisafisha polepole, na ringi zilizochoka hubadilishwa. Anapofunga huweka gasketi mpya, na hukaza boliti kwa kupishana kuanzia katikati kwenda nje, kwa nguvu iliyotajwa kitabuni. Mwenye boti asiwe mtu wa kumharakisha fundi huyo.

Zipo pia dawa za barazani zinazofaa kuachwa. Kudondosha maji kwenye kabureta mashine ikiwa moto huweza kupasua chuma au kupinda mkono wa pistoni. Kuchoma bomba la moshi kwa moto wa petroli ni kuucheza moto penye petroli. Kostiki wanayotumia mama zetu kutengenezea sabuni huila aluminiamu na kutoa gesi inayoshika moto, mbali na kuunguza ngozi na macho. Na mafuta ya taa pamoja na waya, hadithi yake mmekwisha kuisoma.

Kwa wenye magari

Injini ya gari kwa kawaida ni ya mapigo manne na oili yake ina hodhi lake. Masizi yake hutokana zaidi na safari fupi fupi zisizoipa injini joto, oili isiyobadilishwa kwa wakati, kichujio cha hewa kilichoziba na ringi zilizochoka zinazopitisha oili. Katika magari ambayo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, masizi huganda juu ya vali za kuingizia hewa. Huko petroli haipiti, kwa hiyo dawa ya kutia kwenye tangi haiwezi kuyafikia, na kazi hiyo humtaka fundi.

Usalama wake ni huo huo na zaidi. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu akidhani amelala. Baada ya kusafisha kwa dawa, oili ya injini ibadilishwe, kwa kuwa sehemu ya dawa huvuja kupita ringi na kuichuja oili nguvu. Na gari lisiegeshwe juu ya majani makavu, maana bomba la moshi huwa na moto mkali baada ya kazi hii.

Nyumbani

Ukurasa huu ni wa familia, na mashine ya boti hulala nyumbani. Petroli na dawa zisitiwe katika chupa za maji au soda, kwani mtoto hatofautishi. Zikae mbali na jiko, mahali pa juu penye hewa. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa asitapishwe, kwa sababu mafuta yakipanda huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Mikono isioshwe kwa petroli, bali kwa sabuni na maji. Masizi yaliyokwanguliwa na oili chafu visimwagwe pwani, kwani ufukwe ule ule ndio wanaoutafutia riziki mama zetu wakati wa bamvua.

Na kwa yeyote anayesafiri: mashine ikizima, kazi ya kwanza ni kutia nanga, kisha ndipo kamba ivutwe. Siku ile sisi tulivuta kamba huku mkondo ukituchukua. Boti iwe na makasia, plagi za akiba na spana yake, simu yenye chaji, na jaketi la kuokolea kwa kila roho iliyomo.

Watu wa Pemba hatuhitaji kukumbushwa thamani ya usalama wa bahari. Tangu Septemba 10, 2011, ilipozama MV Spice Islander ikiwa safarini kuja huku, zipo nyumba nyingi ambazo hazijasahau. Msiba ule haukuletwa na masizi, lakini umetufunza kwamba chombo hakizami kwa sababu za siku ile tu. Kuna mambo madogo yaliyoachwa yakapita kabla yake, na kila mmoja aliyaona akanyamaza.

Dini yetu imetufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Mwenye kupokea nauli amepokea amana, na abiria hawezi kuifungua mashine aitazame ndani. Hana ila kumwamini nahodha. Siku hizi ami yangu ana chupa ya kupimia iliyotiwa alama kwa rangi nyekundu, na hakuna anayeruhusiwa kuitia kitu kingine. Kila mwezi huzitoa plagi akazitazama. Juzi nilimpigia simu nimwulize kama angesafiri siku ya pili yake, kwa kuwa nilikuwa na mzigo wa kupeleka Fundo.

"Kesho sisafiri, mwanangu," alinijibu. "Kesho nasafisha mashine. Njoo keshokutwa, inshaallah."

Nilisubiri mpaka keshokutwa.